Yeyo aende Berlin Februari

Msimu mzuri wa kwenda Berlin ni Februari. Haya, chekeni, mkimaliza tuendelee.

Niseme mapema kwamba mimi mwenyewe Berlin sijafika. Mbali kabisa nimefika Arusha, na hiyo ni kwa sababu ukiwa Kitengela ukishika barabara ya Namanga, Arusha ni kama jirani. Lakini kwa miezi kadhaa sasa kwetu hakuna kitu kinajadiliwa kama Berlin, na mimi ndiye nilipewa kazi ya kutafuta mama yetu asafiri mwezi gani. Walinipa kwa sababu "wewe si unashindanga kwa simu." Sawa. Nimeshinda kwa simu, na jibu ndilo hilo hapo juu.

Stori yenyewe iko hivi. Dadangu mkubwa ni nesi huko Berlin. Alienda kusomea uuguzi huko huko, akamaliza, akaajiriwa, na tangu aende hajarudi nyumbani. Mama, ambaye sisi tunamwita Yeyo, anaishi upande wa Bissil na ng'ombe wake. Mwezi wa saba aliuza mafahali wawili, pesa akaweka sacco, kisha akanipigia simu akasema: nataka kuona mahali mtoto wangu analala. Hakusema anataka kuona Ulaya. Shikeni hiyo sentensi.

Pesa hiyo ni ya safari moja. Hakuna ya kurudia mwaka ujao tukikosea mwezi. Wanaojua ng'ombe wataelewa. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 huku kwetu mvua zilikosa misimu mitano mfululizo. Mvua za vuli, masika, vuli, masika, vuli, zote zikapita kando. Yeyo alianza na ng'ombe 46, akabaki na 17. Barabarani kutoka Kajiado kwenda Namanga ulikuwa unahesabu mizoga mpaka unaacha kuhesabu. Hawa mafahali wawili aliouza ni watoto wa wale waliobaki. Kuna wengine wanne waliuzwa zamani kwa ajili ya karo yangu ya chuo, chuo ambacho niliacha mwaka wa pili, na hiyo ni posti ya siku nyingine. Ninachosema ni kwamba kwetu fahali si pesa iliyokaa tu, na mtu akikupa kazi ya kumchagulia mwezi, unachagua ukiwa umekaa vizuri.

Sasa, ukiuliza mtu yeyote msimu mzuri wa Berlin, utaambiwa Mei hadi Septemba. Mwaka jana nilitengeneza video ya sekunde sitini ya ajenti mmoja wa safari hapa Kitengela, na maneno niliyopewa nisome yalikuwa hayo hayo: jua, maua, mikahawa ya nje, watu wamelala kwenye nyasi. Si uongo. Dadangu anasema mwezi wa sita watu wa Berlin wanakuwa kama wamefunguliwa kutoka zizini. Kuna uwanja wa ndege wa zamani, Tempelhof, uliofungwa 2008 na kufunguliwa 2010 kuwa bustani ya umma, zaidi ya hekta 300 za nyasi na lami katikati ya mji. Unaendesha baiskeli mahali ndege zilikuwa zinatua. Yeyo aliposikia hekta 300 za nyasi katikati ya mji, swali lake la kwanza lilikuwa nani analisha hapo.

Lakini angalieni ushauri huo umeandikwa kwa ajili ya nani. Ni wa mtu anayekimbia baridi ya kwao, au wa mtu aliye na likizo ya shule mwezi wa saba na wa nane. Mtu wa Manchester anatafuta jua. Yeyo jua analo, na ndilo lilimmalizia ng'ombe. Kumtoa Kajiado umpeleke mahali akaone jua ni kama kumtoa mtu wa Lamu umpeleke mbali akaone bahari.

Halafu kuna jambo la usingizi, ambalo sijaona mtu analiandika. Mwisho wa Juni, Berlin jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na linazama saa tatu na nusu usiku. Huku kwetu, karibu na ikweta, mwaka mzima jua halibadiliki hata saa nzima. Yeyo ana miaka 58 na hulala saa mbili. Unamwekaje mtu kama huyo kwenye chumba chenye mwanga saa tatu usiku umwambie alale? Atakaa kitandani akisubiri usiku ufike kama mtu anayesubiri matatu ya mwisho.

Dadangu yeye anataka Desemba. Anataka Yeyo aone taa, aone yale masoko ya Krismasi yanayofunguliwa mwisho wa Novemba, vibanda vya mbao, divai ya moto yenye mdalasini (Yeyo hanywi, lakini kikombe atashika apate joto). Na theluji, ingawa theluji ya Krismasi Berlin ni bahati, mara nyingi ni mvua tu na tope. Familia nzima ilipiga kura ya Desemba. Shangazi alishachagua hadi rangi ya koti.

Mimi nikauliza swali moja tu: dada, Desemba utakuwa likizo?

Kimya.

Kwenye wodi yao likizo hupangwa mapema, mwaka kabla ya mwaka. Wenye watoto wa shule wanafikiriwa kwanza wakati shule zimefungwa, yaani katikati ya mwaka na Krismasi. Dadangu hana mtoto. Krismasi mbili zilizopita alikuwa zamu, na ya pili ilikuwa zamu ya usiku. Kwa hivyo piga picha: Yeyo yuko Berlin kwenye nyumba ya chumba kimoja, orofa ya nne. Jua limetoka saa mbili na robo asubuhi na limezama kabla ya saa kumi. Runinga inaongea Kijerumani. Mtoto aliyekuja kumwona ama yuko kazini ama amelala amechoka. Taa za Krismasi ziko nje, na yeye hajui basi gani inarudi nyumbani. Hiyo si ziara, ni kifungo chenye mapambo.

Septemba waachieni wakimbiaji. Hao wanajua msimu wao, ndiyo maana Kipchoge alikimbia Berlin 2:01:09 tarehe 25 Septemba 2022. Hewa imeshapoa, jua bado lipo. Lakini Yeyo haendi kuvunja rekodi, na Septemba huku Bissil ni mwisho wa kiangazi, wakati ambao mtu mwenye ng'ombe hatoki nyumbani hata kwa harusi ya mwanawe.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba tulikuwa tunaangalia kalenda moja, na safari hii ina kalenda mbili. Moja ni ya Berlin. Nyingine ni ya nyasi.

Ya nyasi inaenda hivi. Masika ni Machi hadi Mei. Mwezi wa sita na wa saba ng'ombe wamenenepa, maziwa yapo, na bei sokoni ni nzuri kwa sababu hakuna anayeuza kwa haraka. Kuanzia Agosti nyasi zinaisha karibu na nyumbani, ng'ombe wanapelekwa mbali, bei inashuka. Ukame ukizidi, fahali anauzwa bei ya mbuzi, na mnunuzi anakuangalia usoni akijua huna la kufanya. Mvua za vuli zinakuja Oktoba hadi Desemba. Zikiwa nzuri, Januari na Februari bado kuna nyasi na maji si mbali sana. Januari pia ni mwezi wa kufungua shule, kila boma linaleta ng'ombe sokoni siku moja, bei inaanguka tena. Ndiyo maana Yeyo aliuza Julai na kuweka pesa, wala hakusubiri akaribie kusafiri. Huyo mama hajaenda shule ya biashara, lakini hakuna mtu aliwahi kumnunulia ng'ombe kwa bei ya Januari.

Kwa hivyo Yeyo ana nafasi mbili tu za kutoka: mwezi wa sita hadi wa saba, au Februari kabla masika hayajaanza. Februari binamu yangu anaweza kubaki na ng'ombe, kwa sababu kama vuli imenyesha, malisho hayako mbali na mtu mmoja anatosha.

Na Berlin, Februari, kukoje? Baya, mkitaka ukweli. Joto linazunguka sifuri, anga la kijivu, njia za miguu zinaweza kuwa na barafu. Jua linatoka kama saa moja na dakika ishirini na kuzama kama saa kumi na moja na dakika ishirini. Lakini hesabuni: hizo ni saa kumi za mwanga, na kila siku zinaongezeka. Ni zaidi ya saa mbili kuliko Desemba. Mtu anaweza kuamka, kunywa chai, kutembea, kurudi, na bado kuna mwanga.

Baridi ndiyo kila mtu anaogopa kwa niaba ya Yeyo. Mimi siiogopi sana. Mmeshawahi kuamka Bissil mwezi wa saba saa kumi na nusu kukamua, upepo unatoka uwandani na umevaa shuka na sweta moja? Baridi ya kwetu iko ndani ya nyumba. Ya Berlin iko nje. Dadangu Februari anakaa ndani na fulana, hita ziko kwenye ukuta, nyumba ina joto la 20 na kitu. Hapa Kitengela mwezi wa saba mimi hutengeneza video nikiwa nimejifunga blanketi kiunoni mahali kamera haifiki. Yeyo anachohitaji ni viatu vizuri vya kushika barafu, nguo juu ya nguo badala ya koti moja kubwa la shangazi, na kitu cha kufunika masikio. Viatu ndivyo nitapigania. Mengine mtumba wa Kitengela unayo yote, tena makoti mengi pale yalitoka huko huko Ulaya.

Lakini sababu yangu kubwa si hali ya hewa wala bei ya tiketi, ingawa bei nayo hushuka sikukuu zikipita, na tofauti yake inanunua mbuzi kadhaa. Sababu yangu ni Januari ya mwaka huu. Hii nimeruhusiwa kuiandika.

Dadangu alipiga simu ya video akitoka kazini. Huko baada ya mwaka mpya watu hutupa miti ya Krismasi barabarani, magari ya taka yanapita kuikusanya. Akageuza kamera nione: miti mizima ya kijani imelala njiani, mmoja baada ya mwingine, mpaka mwisho wa barabara. Akasema, "Desemba angalau wanaweka taa. Sasa wametoa taa, giza wameacha." Kisha akaniambia kwamba siku zake tatu za mapumziko wiki ile zilipita bila yeye kutumia sauti yake, isipokuwa kusema asante dukani. Siku tatu. Huyu ni mtu ambaye nyumbani tulikuwa tunamwomba anyamaze ili tusikie redio. Alicheka akisema hivyo, lakini alicheka kama mtu anayekohoa.

Kutoka hapo sikusikia tena habari ya maua ya Mei.

Mwezi wa tano dadangu yuko sawa. Ana marafiki, kuna bustani, kuna Wakenya wenzake wanachoma nyama. Yeyo akienda Juni atakuta mtoto anayecheka, atarudi kutuambia yuko salama, na Januari itakuja ile ile. Hakusema anataka kuona mji ukiwa umependeza. Alisema anataka kuona mahali mtoto wake analala. Sasa mahali hapo pakoje wakati pagumu? Huo ndio msimu.

Na likizo ya Februari hakuna anayeigombania kwa wodi. Dadangu anaweza kupata wiki mbili mfululizo, akiwa nyumbani, macho wazi, na mama yake jikoni akilalamika kuhusu maziwa yao.

Kuna wanaosema Februari hakuna cha kuona. Vya kuona viko ndani ya nyumba, na ndani kuna joto. Makumbusho ya Viumbe ya Berlin yana mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru, Lindi, Tanzania, kati ya 1909 na 1913, imesimamishwa zaidi ya mita 13 kwenda juu. Ni mifupa ya kwetu Afrika Mashariki, na kuiona inabidi ukate tiketi ya Ujerumani. Februari pia ndiyo wakati wa tamasha lao la filamu. Filamu ya Kikenya *Supa Modo* ilionyeshwa huko 2018, na mimi kama mtu wa kamera ningetoa figo nifike hapo, lakini safari si yangu.

Hata waliokutana Berlin kupanga kuigawa Afrika walikaa kipindi cha baridi, kuanzia tarehe 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani wakakubaliana mstari wao, ule unaopita hapa Namanga na kuzunguka Kilimanjaro, ukaacha Wamaasai wengine huku na wengine kule. Yeyo ana dada yake Longido, ng'ambo. Nilipomweleza kwamba huo mstari ulikubaliwa na wenye mji anaokwenda, aliniuliza kama akifika kuna mtu wa kuulizwa.

Ya viza nitapita haraka kwa sababu inaumiza kichwa. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, na isizidi siku kumi na tano kabla. Ada ni yuro 90 tangu tarehe 11 Juni 2024, zamani ilikuwa 80, na ukinyimwa hazirudi. Bima ya matibabu iwe ya angalau yuro 30,000. Na lazima uonyeshe una sababu ya kurudi kwenu. Ya Yeyo ni ng'ombe 20 na kitu, lakini ng'ombe hana taarifa ya benki. Tunakusanya za sacco, barua ya chifu, na hati ya shamba. Ukiomba safari ya Juni unapanga foleni na kila mtu anayetaka kiangazi cha Ulaya. Ya Februari unaomba wakati wengi bado wanafikiria Krismasi.

Najua familia za kuuliza swali hili zitaongezeka. Kenya na Ujerumani zilitia sahihi mkataba wa wafanyakazi na uhamiaji huko Berlin tarehe 13 Septemba 2024, na vijana wa rika langu wanajifunza Kijerumani usiku baada ya kazi. Kila mmoja wao ana mama. Msiwape hao akina mama orodha ya watalii.

Kitu kimoja kinaweza kuniharibia hesabu: vuli ikikosa. Miaka ile mitatu mibaya ilikuwa miaka ya La Niña, bahari ya Pasifiki inapoa na huku sisi tunakauka. Sasa hivi nasoma utabiri wa ICPAC, ambao hata ofisi zao ziko hapa Ngong, kuliko ninavyosoma ujumbe wa wateja. Mvua ikikataa, ng'ombe watahama mbali na Yeyo hataondoka, hata viza ikiwa mkononi. Kwa hivyo tiketi itakuwa ile inayoweza kubadilishwa tarehe. Ni ghali kidogo. Yeyo alisema ni sawa, hata fahali ukimnunua unauliza kama anaweza kurudishwa.

Shangazi bado yuko Desemba. Koti ameshanunua.

Dada, najua unasoma hizi posti zangu ukiwa kwenye treni. Umesema fomu ya likizo inafungwa mwisho wa mwezi huu. Andika Februari, wiki mbili, zifuatane. Yeyo jana ameniuliza kama kitanda chako kinatosha watu wawili, nikamwambia sijui, nitakuuliza.